Tuwaondoeje Mende Nyumbani?

Mwezi huu hatuna budi kuanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Alhamisi moja jumuiya ilikuja kusali nyumbani kwetu, maana zamu ilikuwa yetu. Tulikuwa tumepika maandazi, tumechemsha chai ya tangawizi, na juu ya meza tumetandika kile kitambaa cha kufuma ambacho hutolewa kabatini siku za wageni tu. Baada ya sala, tulipoinua chupa ya chai ili tumimine, mende mdogo wa rangi ya kahawia alichomoka chini yake, akakimbia kukata kitambaa kutoka upande mmoja hadi mwingine mbele ya wageni 12. Mama mmoja mtu mzima alimfunika kwa kisahani, akaendelea kuzungumza habari za mvua kana kwamba hakuna kilichotokea. Tunamshukuru hadi leo. Hata hivyo, usiku ule usingizi ulikataa kuja kwa aibu.

Wageni walipoondoka tulimwita dada anayetusaidia kazi za nyumbani, tukamkaripia. Tulimwambia kwamba mende huletwa na uchafu, na kwamba usafi wa jikoni ni kazi yake. Alijibu kwa sauti ndogo, "Mama, nadeki kila siku." Hatukumsikiliza. Mbele kidogo mtaona jinsi tulivyokuja kugundua kwamba yeye alisema kweli, na sisi ndio tuliokosa.

Tunaeleza haya kwa sababu tunajua hatuko peke yetu. Akina mama wengi husumbuliwa na mende, lakini huona haya kusema. Kila mmoja hupambana nao kimya kimya, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunatumia njia zisizofaa, na nyingine za hatari. Basi mwezi huu tuzungumze jambo hili waziwazi.

KUMJUA MENDE WAKO

Huwezi kumfukuza mgeni usiyejua amelala chumba gani. Mende wanaosumbua katika nyumba zetu ni wa aina mbili hasa, na kila aina ina makao yake.

Wa kwanza ni mende mdogo. Urefu wake ni kama sentimita moja na nusu, rangi yake ni kahawia hafifu, na nyuma ya kichwa ana mistari miwili myeusi inayokwenda sambamba. Wataalamu humwita mende wa Kijerumani, kwa kuwa Linnaeus, yule mtaalamu wa Sweden aliyewapa wanyama majina, alimwandika kwa jina hilo mwaka 1767. Hata hivyo, asili yake si Ujerumani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba alitokana na mende wa mashambani wa Asia ya Kusini, yapata miaka 2,100 iliyopita. Huyu hukaa ndani ya nyumba tu, na hupenda mahali penye joto, unyevu na chakula, yaani jikoni.

Wa pili ni mende mkubwa mwekundu, mwenye urefu wa sentimita tatu na nusu hadi nne, ambaye usiku wa joto huweza kuruka na kutua ukutani. Huyu huitwa mende wa Kimarekani, lakini yeye naye amesingiziwa, kwa maana asili yake ni hapa Afrika. Makao yake ni shimo la choo, chemba, mifereji ya maji machafu na stoo zenye giza. Jikoni huja kutembea tu.

Tofauti hii ni muhimu sana. Ukiona mende wadogo, jua kwamba wanazaliana ndani ya nyumba yako, pengine hatua mbili kutoka jiko linapowashwa. Ukiona mende wakubwa, anza kutazama choo, chemba na mabomba.

Mende mdogo ndiye mgumu zaidi. Jike hubeba mayai yake 30 hadi 40 ndani ya kifuko kimoja kilichochomoza mkiani, wala hakidondoshi mpaka yakaribie kuanguliwa. Katika maisha yake hutoa vifuko vinne hadi vinane. Tukifanya hesabu ndogo ya vifuko vitano vyenye mayai 30 kila kimoja, tayari ni watoto 150 wa mama mmoja. Na katika nchi zetu za joto, watoto hao huwa wakubwa na kuanza kuzaa baada ya miezi miwili au mitatu. Ndiyo maana mama anayeona mende watatu mwezi wa kwanza na kusema, "Hawa si kitu," ifikapo mwezi wa sita anashindwa kufungua kabati usiku.

MADHARA YAO

Mende hang'ati sana wala hanyonyi damu kama mbu, na kwa hiyo baadhi yetu humwona kama kero tu. Tusidanganyike. Mende hutoka chooni au kwenye pipa la takataka na kupanda juu ya mkate kwa miguu ile ile. Katika miili na vinyesi vyao vimekutwa vijidudu vya kuhara, vikiwemo vile viitwavyo Salmonella. Zaidi ya hayo, mende anapokula hutapika kidogo na kuacha kinyesi palepale alipokula.

Lipo dhara jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ni pumu. Mende anapokufa hukauka na kuvunjikavunjika. Vumbi la mwili wake na la kinyesi chake huchanganyika na vumbi la nyumba, na sisi hulivuta. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto 476 wenye pumu waliokuwa wakiishi katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo katika miji mikubwa. Watoto wenye mzio wa mende ambao vyumba vyao vya kulala vilikuwa na vumbi jingi la mende walilazwa hospitali zaidi ya mara tatu ya wenzao. Kwa hiyo, mama mwenye mtoto wa pumu asiishie kwenye kutandika shuka safi tu. Aangalie pia kama kuna mende chumbani, na afagie vizuri nyuma ya kabati na chini ya kitanda. Ni vema kupangusa kwa kitambaa kibichi, kwa maana ufagio mkavu hurusha vumbi hewani.

WANAINGIAJE?

Hapa ndipo tulipokosea katika kumhukumu dada yetu. Ni kweli kwamba uchafu huwanenepesha mende, lakini si lazima uwe ndio uliowaleta. Mende hawazuki kutoka kwenye makombo. Huletwa, au huja wenyewe.

Huletwa katika maboksi ya dukani, hasa yale yenye mikunjo, maana mende mdogo hupenda kujibanza humo. Huletwa katika kreti za soda, magunia, vikapu vya sokoni na mizigo ya safari. Huletwa pia katika vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika, kama friji, redio, televisheni na majiko, kwa sababu mashine hutoa joto nao hupenda joto. Katika nyumba za kupanga, hupita kwenye nyufa za ukuta, pembeni mwa mabomba na juu ya dari kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Basi yafaa tuwe na desturi hizi:

1. Ukirudi kutoka dukani, toa vitu kwenye boksi ukiwa nje au barazani. Boksi lisiingie jikoni, wala lisigeuzwe kabati la vitunguu.

2. Ukinunua chombo cha umeme cha mtumba, kiweke uani juani, fungua kifuniko cha nyuma kwa msaada wa fundi, na umulike kwa tochi. Ukiona vidoadoa vyeusi kama unga wa pilipili manga, hicho ni kinyesi cha mende. Usikiingize ndani mpaka kimesafishwa.

3. Kung'uta vikapu na mifuko kabla ya kuitundika.

WANYIMWE CHAKULA, MAJI NA MAFICHO

Dawa yoyote, hata iwe kali namna gani, haitashinda ikiwa mende wana karamu kila usiku. Mambo matatu ndiyo yanayowaweka nyumbani kwetu: chakula, maji na maficho.

Chakula. Mende hutembea usiku, kwa hiyo saa muhimu ya usafi ni ile ya kabla ya kulala. Vyombo visilazwe na uchafu. Kama maji ni ya shida na hamwezi kuosha usiku, viloweke vyote kabisa ndani ya beseni la maji ya sabuni. Unga, sukari, mchele na maziwa ya unga viwekwe katika makopo au ndoo zenye vifuniko vinavyobana. Mfuko wa plastiki uliofungwa fundo hautoshi. Pangusa mafuta yaliyorukia jiko na ukuta wa nyuma yake, kwa maana mafuta yaliyoganda ni chakula kizuri kwa mende. Takataka zitoke nje jioni, zisilale jikoni. Na tusisahau bakuli la paka na la kuku.

Maji. Wengi hawalitilii maanani jambo hili, nalo ndilo kubwa. Mende mdogo huweza kukaa wiki kadhaa bila chakula, lakini bila maji hafiki mbali zaidi ya wiki mbili hivi. Basi mnyime maji. Koki inayodondoka itengenezwe. Sinki likaushwe kwa kitambaa kabla ya kulala. Dekio na matambara yasiachwe mabichi pembeni, yaanikwe nje. Nyuma ya friji nyingi kuna kisahani kinachopokea maji, kimwageni na kukiosha kila wiki. Mtungi na ndoo za maji zifunikwe, na mahali zinaposimama pasiwe na kidimbwi.

Maficho. Mtoto wa mende hupita katika ufa mwembamba usioingia hata ukucha. Mende hupenda mahali ambapo ukuta unamgusa tumboni na mgongoni. Zibeni nyufa kwa saruji, na mashimo ya mabomba kwa saruji au kwa steelwire ya kusugulia sufuria iliyosokotwa na kusindikwa ndani. Magazeti ya zamani, maboksi matupu na mifuko iliyorundikwa chini ya sinki viondoke. Karatasi zilizotandikwa ndani ya kabati zitolewe kila mwezi, kwa maana chini yake ndipo vifuko vya mayai hukutwa.

MTEGO WA CHUPA YA JEMU

Kabla ya kununua dawa ni vema kujua mende wamejificha wapi hasa. Ipo njia isiyo na gharama, ambayo sisi tumeitumia na kuipenda.

Chukua chupa za jemu nne zilizo tupu. Ndani yake, kuanzia mdomoni kushuka vidole vitatu, pakaza mafuta ya kujipaka yaliyo mazito. Nje zungushia karatasi au kitambaa chembamba ili mende aweze kupanda. Ndani weka kipande cha mkate kilicholoweshwa, au ndizi mbivu. Usiku weka chupa moja nyuma ya friji, nyingine chini ya sinki, nyingine karibu na jiko, na nyingine kabatini. Mende ataingia kwa harufu, na akitaka kutoka atateleza. Asubuhi mimina maji ya moto yenye sabuni, kisha hesabu.

Fanya hivyo usiku tatu mfululizo na uandike hesabu. Ile chupa iliyokamata wengi, hasa watoto, ndiyo iliyo karibu na makao yao. Hapo ndipo pa kuelekeza nguvu. Na baada ya mwezi mmoja wa kazi, tega tena mahali pale pale. Hesabu itakuonyesha kama unashinda au unashindwa, bila kubahatisha.

DAWA IPI ITUMIKE?

Wengi wetu tukisikia dawa ya mende tunafikiria kopo la kupulizia. Kopo hilo lina kazi yake, kwani humwangusha mende unayemwona. Lakini wale unaowaona ni wachache. Wengi wako ndani ya nyufa, na wakinusa dawa hutawanyika kwenda chumba kingine. Mayai nayo, yaliyo ndani ya kifuko kigumu, kwa kawaida hayadhuriki. Baada ya wiki chache yanaanguliwa, nasi tunasema dawa ilikuwa feki.

Inayofaa zaidi kwa mende wadogo ni dawa ya chambo, hasa ile ya jeli inayouzwa katika bomba kama la sindano. Mende huila, hurudi mafichoni, hufia huko. Wenzake hula kinyesi chake na mzoga wake, nao hufa. Hivyo dawa humfikia hata yule asiyetoka nje. Itumieni hivi:

1. Wekeni matone madogo madogo, kila moja ukubwa wa punje ya mchele. Matone mengi madogo ni bora kuliko machache makubwa.

2. Yawekwe pale mende walipo: kwenye bawaba za kabati, kona za ndani za droo, nyuma ya friji, chini ya ukingo wa sinki. Yasiwekwe juu ya meza wala mahali mtoto anapofika.

3. Msipulize dawa nyingine hapo, wala msipasugue kwa dawa ya kusafishia yenye harufu kali. Mende wakichukia mahali hawatakula chambo.

4. Tone likikauka au kuliwa, weka jingine. Endeleeni kwa miezi mitatu, hata kama baada ya wiki mbili mende wamepungua sana, kwa maana yapo mayai ambayo hayajaanguliwa.

Njia nyingine ya zamani ni unga wa asidi ya boriki, unaopatikana katika baadhi ya maduka ya dawa. Huo hunata miguuni, na mende anapojilamba ili ajisafishe huumeza. Unyunyizwe kidogo sana, kama vumbi jembamba, ndani ya nyufa na nyuma ya vitu vizito visivyosogezwa. Ukirundikwa kama chumvi, mende atauzunguka. Pia ukilowa haufanyi kazi vizuri. Lakini huo ni sumu kwa mtoto akiula, kwa hiyo usiwekwe palipo wazi, wala usihifadhiwe katika kopo lililokuwa la chakula.

Wako wanaouliza juu ya karafuu, majani ya bei na maganda ya limau. Harufu hizo huweza kumsogeza mende kwa muda, lakini hazimalizi kizazi chake. Zile tembe nyeupe za kuwekea nguo, yaani nafthalini, zisitumike jikoni wala karibu na mtoto mchanga. Kuna watoto waliozaliwa na upungufu fulani katika damu, na katika nchi za malaria ni wengi, ambao mvuke wa nafthalini huweza kuvunjavunja chembe zao nyekundu za damu. Mafuta ya taa nayo yasimwagwe katika nyufa karibu na jiko, kwa sababu ya moto. Na hata kopo la kupulizia lisitumike wakati jiko linawaka.

CHUPA YA SODA ILIYOTUFUNDISHA

Sasa turudi nyumbani kwetu. Baada ya ile aibu ya jumuiya, tulinunua dawa kwa kijana mmoja aliyekuwa akipita mtaani akitangaza sumu ya mende, panya na kunguni. Ilikuwa majimaji meupe kama maziwa, katika chupa ya soda, bila karatasi yoyote ya maelezo. Tulipomuuliza ni dawa gani, alisema ni kali sana. Hilo lilitutosha. Tulipulizia nusu, na nusu iliyobaki tukaiweka chini ya sinki.

Siku ya tatu, tulipokuwa kazini, mtoto wetu wa miaka miwili alitambaa hadi chini ya sinki na kuitoa ile chupa. Kwake ilikuwa soda. Dada alitoka uani kuanika nguo, akamkuta amekaa sakafuni, chupa katikati ya miguu, anazungusha kizibo. Alimnyang'anya, akamwosha mikono na uso kwa maji mengi na sabuni, akambadilisha nguo, kisha akatupigia simu akilia. Tulimkimbiza mtoto hospitali pamoja na ile chupa. Daktari alipouliza ni dawa gani, hatukuwa na jibu. Hatutasahau jinsi alivyotutazama. Kwa rehema za Mungu, kizibo kilikuwa hakijafunguka.

Wapenzi akina mama, dawa nyingi zinazouzwa hivyo ni dawa za shambani zilizomiminwa katika chupa nyingine. Nguvu yake haikupimwa kwa ajili ya chumba anacholala mtoto. Tanzania, viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kenya, kazi hiyo ni ya bodi iitwayo PCPB. Nunueni dawa iliyo katika chombo chake, yenye jina la dawa, namba ya usajili na maelezo ya matumizi. Msinunue zile chaki za kuchora ukutani, maana mtoto hawezi kuitofautisha na chaki ya shule. Marekani ni kinyume cha sheria kuziuza.

Ikiwa, Mungu apishe mbali, mtoto amekunywa dawa, msimtapishe, wala msimpe maziwa au mafuta kwa kubahatisha. Mwondoeni penye dawa, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi, na mpelekeni hospitali mara moja pamoja na chombo cha dawa.

DAWA IKIACHA KUUA

Mende hujifunza kuishi na sumu. Mwaka 1952, huko Corpus Christi katika jimbo la Texas, mende wadogo waligunduliwa kuwa hawafi tena kwa klordeni, dawa iliyokuwa ikitumika sana wakati ule. Na mwaka 1993 wataalamu walieleza juu ya mende waliokataa kula chambo chenye sukari ya glukosi. Mende waliopenda sukari hiyo walikuwa wamekufa, wakabaki wale walioichukia, nao wakazaa watoto wanaoichukia. Kwa hiyo, dawa ikiacha kufanya kazi, usiongeze kipimo. Soma jina la dawa iliyomo, halafu nunua yenye dawa tofauti.

MENDE WA CHOONI NA MENDE WA JIRANI

Kwa mende wakubwa, jeli peke yake haitoshi. Funikeni shimo la choo. Mfuniko wa chemba uliovunjika utengenezwe na kingo zake zizibwe. Wekeni wavu wa waya kwenye tundu la maji bafuni. Tundu lisilotumika limiminiwe maji kila wiki, ili lile bomba lililopinda libaki na maji yanayozuia njia.

Nanyi mnaoishi katika nyumba ya kupanga, mkumbuke kwamba mende hajui mwisho wa chumba chako. Ukipulizia dawa peke yako, unamhamishia jirani, naye akipulizia anakurudishia. Ongeeni bila lawama, mchague siku moja, vyumba vyote viwekwe dawa siku hiyo, na mwenye nyumba aombwe kuziba chemba na nyufa. Mwanzo wa mazungumzo ni mgumu. Jaribuni kuanza hivi: "Jirani, kwangu kuna mende, sijui kwako." Mtashangaa jinsi atakavyofurahi kwamba si yeye aliyesema kwanza.

AKIINGIA SIKIONI

Mara nyingine mende mdogo humwingia mtu sikioni akiwa amelala. Msichokonoe kwa njiti wala pini. Mlazeni upande, sikio likiangalia juu, mdondoshee mafuta ya kupikia safi yasiyo ya moto ili mdudu afe, kisha nendeni hospitali akatolewe. Ikiwa sikio hilo lina usaha au liliwahi kutoboka, msitie chochote, nendeni moja kwa moja.

TULIVYOMALIZA

Wiki moja baada ya tukio la chupa, friji yetu iliacha kupoza. Ilikuwa friji ya mtumba tuliyoinunua miezi mitano kabla. Fundi alipofungua kifuniko cha nyuma alirudi hatua moja. "Mama, njoo uone mwenyewe," alisema. Pembeni mwa mota, palipo na joto, mende walikuwa wamesongamana wakubwa kwa wadogo, na chini yao kinyesi cheusi kimeganda. Waliingia nyumbani kwetu siku ile ile tulipoileta ile friji, huku tukiipigia makofi.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, hakusema neno. Ingekuwa rahisi kwetu kunyamaza pia. Lakini tulikuwa tumemkaripia kwa kosa lisilo lake, na yeye ndiye aliyemwokoa mtoto wetu kutokana na kosa lililokuwa letu. Jioni, mbele ya watoto ambao walisikia tukimkaripia, tulimwomba radhi. Alisema, "Yameisha, Mama." Kisha akaenda kutafuta chupa za jemu.

Ilituchukua miezi mitatu na nusu. Chupa ya nyuma ya friji ilianza na mende 31 kwa usiku mmoja. Mwezi wa pili ilikuwa wanne. Mwezi wa nne chupa zote zilikaa usiku tatu bila kitu. Bado tunatega mara moja kila mwezi, na anayehesabu ni yeye.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Kwa leo, kabla ya kulala, kausheni sinki.